Leso hii yasemaje?

Nlikuwa nimeposti leso kwenye stetasi ya WhatsApp, nimeikunja vizuri nimeiweka karibu na dirisha ipate mwanga, na chini nikaandika "Leso mpya zimeingia, rangi za kuvutia, ubora wa hali ya juu, karibuni nyote." Hazikupita dakika kumi mama mmoja wa Kisauni akajibu kwa neno moja. "Yasemaje?"

Hakuuliza ngapi, hakuuliza kama kuna rangi nyingine. Yasemaje. Na mie leso nimeikunja jina limeenda ndani, yaani kile anachotaka kukijua mwanzo ndicho nilichokificha.

Kwa wale ambao si wa Pwani niwaeleze kidogo. Leso ina pindo lililozunguka pande zote nne, ina mji ambao ndio ile sehemu ya katikati yenye maua au korosho au chochote kile, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa upande wa chini wa mji. Mwanamke wa hapa akiingia duka la leso Biashara Street, hapa Mombasa, hamuulizi muuzaji pamba yatoka wapi, ataivuta leso aikunjue kidogo asome. Akiona "Nani kama mama" ashajua hii ya kumpelekea nani, akiona "Hasidi hana sababu" ashajua ni jirani gani ataisoma siku akiianika kwenye kamba. Maneno yale yana wasomaji wawili, yule anayenunua na yule ambaye mnunuzi ataka ayasome. Wauza leso wamelijua hilo zamani sana. Kaderdina Hajee Essak, hawa wa chapa ya "Mali ya Abdulla", wako tangu 1887 na mpaka leo watu wachagua leso kwa jina lake, na mie nafanya kazi mtaa huo huo nikakaa miezi naandika "ubora wa hali ya juu".

Basi leo nataka kuandika habari hii ya kujua unamwandikia nani unapouza vitu mtandaoni, manake wasichana wengi wenye biashara zao ndogo ndogo wameniuliza wafanyeje ili posti zao zilete oda, na kila nikiangalia posti zenyewe naona ni nzuri, picha nzuri, herufi nzuri, lakini hazisemi na mtu yeyote.

Duka ni la shangazi, auza leso, madira na mabuibui. Alinipa simu ya duka akanambia "nyinyi ndio mwayajua haya mambo ya mtandao mwanangu, shika." Na kweli nlikuwa nayajua. Nlikuwa najua Instagram hukata kapsheni baada ya mstari mmoja au miwili mpaka mtu abonyeze aone zaidi, nlikuwa najua stetasi hukaa masaa 24 tu, najua listi ya kutumia watu wengi kwa mpigo kwenye WhatsApp haizidi watu 256 na haimfikii mtu ambaye hajasevu namba yako. Katalogi nliiweka mwenyewe. Ambacho nlikuwa sina ni kile alichonacho shangazi, yeye hajui hata kuweka picha kwenye stetasi lakini mtu akisimama mlangoni tu ashajua amtolee lipi na amfiche lipi.

Ikabidi nikae dukani. Sio kukaa na simu, kukaa kusikiliza. Nikachukua daftari la mdogo wangu la kurasa 96 nikawa naandika kila swali linaloulizwa, vile vile lilivyoulizwa, na kwa nani. Nlikaa wiki tatu hivi, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka tunafunga.

Swali la dera ni "laonyesha?" Hilo laja karibu kila siku na halingoji jibu, mtu ataingiza mkono ndani ya dera, ataligeuza kuelekea mlangoni kwenye jua, aangalie kama vidole vyaonekana. Halafu "lachuja?" Halafu wale wafupi, "si litaburura hili?" Mwenye mimba atalivuta pale tumboni aone limebaki nafasi kiasi gani. Katika daftari lote lile hakuna hata mmoja aliyeuliza kama dera ni la kisasa, wala kama ni la kifahari, na hayo ndiyo maneno nlokuwa nayaandika kila siku.

Nikafanya hivi. Nikachukua dera la samawati nikaingiza mkono ndani nikasimama mlangoni jua la saa sita, binamu yangu akapiga picha ya ule mkono, na juu nikaandika "Mkono uko ndani, vidole huvioni. Tumelijaribu juani." Mstari wa kwanza kabisa, kwa sababu huo ndio mstari ambao mtu atauona kabla hajapita. Bei chini yake, na urefu kwa inchi kutoka begani mpaka chini, manake "frisaizi" haimwambii kitu mtu mfupi. Watu waliacha kuuliza laonyesha wakaanza kuuliza lifike lini.

La kuchuja nalo nikaona nisiandike kwa kubahatisha. Nikaloweka kipande cha kila rangi na kitambaa cheupe usiku kucha kwenye beseni. Samawati salama, kijani salama, jekundu kitambaa kikaamka waridi. Shangazi akasema usiandike hilo litatuharibia, mie nikasema nitaliandika, tukabishana kidogo, mwisho nikaandika "Jekundu lachuja mara mbili tatu za mwanzo, lifue peke yake." Na jekundu likanunuliwa, tena walolinunua hawakurudi na malalamiko. Kenya kuna sheria ya kumlinda mteja tangu 2012 inayokataza kumdanganya mtu kuhusu bidhaa unayomuuzia, lakini hata kusingekuwa na sheria, mama aliyeharibiwa kanzu nyeupe ya mumewe kwa dera lako si mtu wa kumsahau haraka, na hapa mjini habari zatembea.

Sasa hii ya mabuibui ndiyo iliyonibadilisha kabisa.

Tulikuwa na mabuibui kumi na moja, meusi, zipu mbele mpaka kiunoni. Yaliingia kabla ya Ramadhani, Idd ya Mfungo Mosi ikapita, ya Mfungo Tatu ikapita, yako pale pale kwenye henga. Nlikuwa nimeyaandikia "abaya la kifahari lenye zipu ya rangi ya dhahabu, utapendeza popote uendapo." Siku moja alasiri akaingia dada na mtoto mchanga, akaomba alione lile la zipu. Hakulivaa. Alilishika shingo kwa kidevu, mtoto yuko mkono wa kushoto, na kwa vidole viwili vya mkono wa kulia akaivuta zipu chini. Ikakwama. Akaivuta tena ikashuka, akaipandisha, akaishusha, mara tatu. Halafu akapitisha kidole nyuma ya zipu. Mie nlikuwa sielewi atafuta nini, shangazi akamwambia "kiko mwanangu, kiguse, hakimkwaruzi." Kumbe alikuwa aangalia kama kuna kitambaa cha kuzuia zipu isimguse mtoto usoni anaponyonya. Akalipa kwa M-Pesa hapo hapo akaondoka, hata kuomba apunguziwe hakuomba.

Nlikaa nimeyaangalia yale mabuibui kumi yaliyobaki. Miezi yote ile nlikuwa namwandikia mwanamke anayetaka kupendeza popote, na huyo yuko, lakini yeye ana mabuibui mengine mia ya kuchagua mtaa huu huu. Huyu mwenye mtoto ndiye aliyekuwa hana, na mie sikumsemesha hata neno moja.

Usiku ule tukazijaribu zipu zote kwanza, mbili zilikuwa nzito tukazipaka mshumaa zikalainika, halafu nikafuta kila kitu nikaandika upya: "Una mtoto anyonya? Zipu hii yafunguka kwa mkono mmoja. Nyuma yake kuna kitambaa laini, haimgusi mtoto usoni. Kliniki, harusini, matangani, kwenye feri, huna haja ya kutafuta chumba." Picha tukaweka ile ya zipu kwa karibu na ile ya kitambaa cha nyuma, hatukuweka mtu amesimama na mkoba. Mabuibui kumi hayakumaliza wiki mbili, na wengi waliopiga simu walisema wametumiwa na dada zao au mashoga zao, yaani mtu ambaye mwenyewe hanyonyeshi aliisoma akajua ya nani.

Sasa kuna kitu kingine ambacho daftari la dukani halikunifunza, kwa sababu hawa hawaingii dukani. Asubuhi moja nikapata ujumbe wa sauti kutoka Saudia, dada wa hapa hapa Mombasa afanya kazi huko, ataka buibui la mamake alioko Likoni. Nikamtumia picha sita na bei. Akanijibu kwa sauti tena, ndefu, na ukisikiliza kwa makini hakuzungumzia buibui sana. Aliuliza mikono yapandika kwa urahisi manake mamake ni mtu wa kutawadha mara kwa mara na magoti yake hayako sawa, hataki kuhangaika na vifungo vya mkononi. Akauliza nani atalipeleka. Akauliza "mtampigia kwanza? Asishtuke mtu amebisha." Akauliza kama naweza kumpigia picha akiwa amelivaa.

Huyo msomaji wangu ni nani hapo? Mvaaji ni mama wa Likoni, lakini hana habari na wala hatalisoma neno langu hata moja. Anayesoma ni bintiye aliyeko mbali, na yeye hanunui kitambaa, anunua ile picha ya mamake akitabasamu. Nlivuka feri mwenyewe na lile buibui. Nikampigia mama kwanza, nikamuomba ruhusa ya picha, akasema ngoja nivae mtandio. Tangu hapo tuna maelezo mawili ya buibui lile lile, moja la mvaaji na moja limeanza hivi: "Uko mbali, wataka kumtumia mama? Twampigia kwanza, twampelekea mpaka mlangoni, na akikubali twakutumia picha." Nguo ni ile ile, bei ni ile ile pamoja na nauli.

Wa Nairobi naye yuko kivyake. Hofu yake ni kutapeliwa, na usimlaumu, wengi wameshatuma pesa wakazuiwa namba. Yeye ataka kujua duka liko mtaa gani, karibu na nini, jina litakalotokea kwenye M-Pesa ni lipi, mzigo waingia basi la usiku au la asubuhi, na atautoa wapi. Ukimwandikia hayo kabla hajauliza atalipa. Wa hapa Mombasa ukimwandikia hayo utamchosha, yeye Biashara Street aijua kuliko wewe, ataka bei na ataka kujua Ijumaa mwafunga saa ngapi na mwafungua saa ngapi baada ya sala.

Na bei jamani iandikeni. Hii ya "bei inboksi" siielewi na siipendi. Mama mwenye shilingi 1,200 zake ataka kujua kama zatosha bila kuja kuombea faraghani kama mtu aliyefanya kosa, na akiona hakuna bei afikiria moja tu, kuwa utamwangalia uso kwanza umpangie. Wengine wasema washindani wataiba bei. Mshindani wako yuko mlango wa pili, bei yako aijua tangu jana.

Kuhusu maneno yenyewe. Hapa twasema leso, twanunua pea. Dar na Unguja wasema kanga, na wao wanunua doti. Ukiwa wauza mpaka huko na hujaandika kanga popote, mtu akitafuta hakuoni, na ukiwa wamwandikia mama wa Majengo ukajaza kanga na doti ataelewa lakini atajua huyu si wa kwetu au anasema na watu wengine. Wakubwa wauliza buibui, wasichana wauliza abaya, nguo ni moja. Mie naandika yote mawili, lakini lipi litangulie yategemea ni buibui la nani. Lile la zipu nliliita buibui kwenye stetasi na abaya kwenye Instagram, na sikulichagua hivo kwa kubahatisha, nlipitia meseji za miezi miwili nikahesabu nani aliandika nini.

Kuna mwenye duka mmoja, simtaji, aliwahi kunipa kazi ya kumwandikia ukurasa wake wa Facebook. Wateja wake ni kina mama watu wazima, wanunua mashuka na mapazia ya harusi. Akasisitiza niandike kisheng kama alivyoona kurasa za Nairobi, nikamwambia bwana hawa mama zetu hawasemi hivi na wengine wataona wavunjiwa heshima, akasema ndio mtindo. Nikaandika. Laiki zilikuja nyingi sana, vijana wakacheka kwenye komenti, na mwezi ukaisha bila oda hata moja ya pazia. Ilinikera kwa sababu mashuka yalikuwa mazuri kweli, na kuna bi harusi huko nje aliyekuwa ayatafuta.

Zile takwimu za ukurasa, umri na jinsia na miji, zitumie, ni bure na zafaa kuanzia. Zangu zilinambia wengi ni wanawake wa kati ya 25 na 34. Sawa. Lakini ndani ya hao yuko mwenye mtoto mchanga, yuko anayejiandaa na harusi, yuko aliyeko eda, yuko yule dada wa Saudia, na ukikaa kuandikia "wanawake wa 25 mpaka 34" hutojua uanze na neno gani. Ukikaa kumwandikia yule aliyeivuta zipu kwa vidole viwili, neno laja lenyewe.

Na saa. Ramadhani nlikuwa naposti asubuhi kama miezi mingine, kimya. Watu wamelala baada ya daku, halafu wako kazini, halafu wako jikoni na viazi karai na kaimati. Nikahamisha posti baada ya tarawehe na simu ikawa haipumziki mpaka saa saba usiku. Maswali nayo hubadilika, kumi la mwisho hakuna anayeuliza laonyesha tena, wote wauliza "litafika kabla ya Idd?" kwa hivyo mstari wa kwanza wabadilika pia, twaandika siku ya mwisho ya kupokea oda za nje ya Mombasa na siku ya mwisho ya hapa mjini, basi, mengine yafuata chini.

Yule mama wa Kisauni nlimjibu siku ile ile. Nikaikunjua leso yote nikaipiga picha jina likiwa juu, yasema "Wema hauozi". Akakaa kimya kidogo nikadhani amepita, halafu akaandika "Nipe pea mbili, moja ya mkwe wangu." Tangu siku hiyo kila leso twaiposti imekunjuliwa, na jina lake tumeliandika tena kwenye maelezo kwa wale ambao simu zao picha zaonekana ndogo.

Sasa shangazi ataka kuleta kofia za kushonwa kwa mkono. Kanambia niandike maelezo kabla hazijafika nikasema siandiki bado. Mwanamume anunuapo kofia aigusa wapi kwanza, auliza nini, na ni yeye anunua au mkewe ndiye achagua, hayo yote bado hayamo daftarini. Kuna mzee ana duka la kofia na vikoi upande wa Mji wa Kale, nimeshamuomba nikae kwenye benchi lake siku mbili tatu, akaniuliza nitakuwa nafanya nini nikamwambia nasikiliza tu mzee wangu. Akasema njoo baada ya alasiri, hapo ndipo wanapokuja. Kesho naenda, na daftari limebaki kurasa kumi na kitu.